Roccella, Ramalina au Roccellographa? Kuchagua jina la likeni ya kichaka kutoka ufukwe wa Tanga

Miti ya ukingo wa bahari, hasa inayopigwa na upepo wa chumvi, hubeba vichaka vidogo vinavyoning'inia: vifupi kama kidole au virefu kama kiganja, vya rangi ya majivu au vya kijani kilichopauka. Watu huviita ukoga wa mti, wakapita. Si ukoga, wala si mmea unaonyonya mti. Ni likeni: kuvu iliyojenga nyumba, na ndani yake wamo mwani wa hadubini wanaopika chakula kwa jua. Jina la kisayansi la likeni ni jina la kuvu. Mwani wana jina lao wenyewe. Hilo lishikwe mapema, maana mabishano mengi juu ya uainishaji huanzia kwenye kulisahau.

Sampuli ya aina hii ikitoka Tanga, majina matatu hugombania lebo. Ramalina ni jenasi kubwa yenye spishi zaidi ya 200 duniani. Roccella ni ndogo, spishi 20 na ushei. Roccellographa ni ndogo kabisa, ya kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na imo humu kwa sababu kwa macho hufanana na Roccella.

Mwenye haraka achukue hili. Kichaka kikiwa kijivu kisicho na umanjano, ukikikwaruza kikatoa rangi ya chungwa, na tone la jiki likakigeuza chekundu, andika Roccella. Kikiwa kijani-njano, ukikikwaruza kikaonyesha kijani cha majani, na jiki isifanye kitu, andika Ramalina. Roccellographa usiiandike kwa macho matupu hata siku moja.

Wanafanana kwa sura, wako mbali kwa ukoo

Roccella imo katika familia ya Roccellaceae, oda ya Arthoniales, ngeli ya Arthoniomycetes. Ramalina imo katika familia ya Ramalinaceae, oda ya Lecanorales, ngeli ya Lecanoromycetes. Kutengana kwenye ngeli si jambo dogo. Popo na mbayuwayu nao wametengana kwenye ngeli: wote huruka jioni, wote hula wadudu, lakini mmoja hunyonyesha na mwingine hutaga. Kuning'inia kwenye tawi la mchu, mti wa mikoko, kwa likeni ni kama kuruka kwa popo. Ni njia ya kupata unyevu wa hewa ya bahari na umande wa alfajiri, na koo mbalimbali zimeifikia kila moja kwa safari yake.

Wataalamu wa zamani hawastahili kulaumiwa kwa kuamini umbo, kwa kuwa ndicho kilichoonekana. De Candolle aliitenga Roccella mwaka 1805. Mwaka 1898 Darbishire aliandika kwa kirefu juu ya kundi zima. Kisha Alexander Zahlbruckner, ambaye mpangilio wake ulitawala nusu ya kwanza ya karne ya 20, akajenga ukuta: likeni za kichaka zikae Roccellaceae, zile zilizoganda kama rangi ya ukuta zikae Dirinaceae. Ukuta huo umebomoka. Dirina, jenasi ya likeni za kuganda, leo imo ndani ya Roccellaceae, kwa kuwa matunda yake, mwani wake na vinasaba vyake vinaipeleka huko.

Roccellographa ndiyo mfano unaofundisha zaidi. Steiner aliieleza mwaka 1902 kwa sampuli za Sokotra, kisiwa kilicho nje ya Pembe ya Afrika. Spishi yake ya kwanza, Roccellographa cretacea, ni kichaka. Kwa miaka zaidi ya mia ilihesabiwa ndugu wa Roccella, na ukiitazama huoni kwa nini isiwe hivyo. Mwaka 2011 Damien Ertz na Anders Tehler walilinganisha jeni mbili za kundi zima la Arthoniales, wakakuta tawi lake linachipuka mahali pengine. Wakaliundia familia yake, Roccellographaceae. Tena likeni za kuganda zilizokuwa zikiitwa Peterjamesia, ambazo mojawapo hukaa kwenye miamba ya pwani za Ulaya yenye kivuli, zikaonekana ni za jenasi hiyohiyo. Kwa hiyo jenasi moja ndogo ina kichaka cha Sokotra na ganda la mwamba wa Ulaya, na hakuna anayeweza kuwaweka pamoja kwa kutazama.

Ipo pia Dendrographa, inayoning'inia sawasawa na Roccella, ila kichaka chake ni cha pwani ya California na Baja California. Ukitumia ufunguo wa utambuzi (mwongozo wa kufikia jina hatua kwa hatua) ulioandikwa Marekani, unaweza kuangukia jina hilo ukiwa na sampuli ya Sahare, Tanga, mkononi. Ufunguo unajua tu zile spishi alizozijua mwandishi wake.

Ubavu kwa ubavu

Jedwali hili ni la jenasi mbili ambazo kweli zitakuja mezani.

| Cha kukagua | Roccella | Ramalina |
|---|---|---|
| Rangi ikiwa kavu | kijivu, majivu, pengine kahawia-kijivu | kijani-njano kilichopauka |
| Mwani ndani | Trentepohlia, wa rangi ya chungwa | Trebouxia, kijani kibichi |
| Uso ukipakwa jiki | nyekundu kwa Roccella montagnei | kwa kawaida haubadiliki |
| Diski ya tunda | nyeusi, mara nyingi ina vumbi jeupe | hafifu, karibu na rangi ya mwili |
| Chini ya diski | safu nyeusi kama mkaa | safu isiyo nyeusi |
| Spora | vyumba 4, zimepinda kidogo | vyumba 2 |

Rangi ya kijani-njano ya Ramalina hutokana na asidi ya usiniki iliyo kwenye gome lake, yaani ngozi ya nje ya likeni yenyewe. Roccella haina asidi hiyo. Ila usiihukumu rangi chini ya kivuli cha mwembe wala chini ya taa ya njano: leta sampuli kavu dirishani saa nne asubuhi, uiweke juu ya karatasi nyeupe. Likeni ikilowa, gome huwa angavu, rangi ya mwani wa ndani hujitokeza, na hapo Roccella mbichi nayo huonekana kijani. Makosa mengi ya kazi za wanafunzi hutokea hapa, kwa sababu wamekusanya baada ya mvua na kuandika rangi palepale.

Kipimo cha mwani ni kizuri na hakigharimu kitu. Kwaruza gome kwa ncha ya wembe, taratibu, mpaka uone safu iliyo chini yake. Trentepohlia kwa nasaba ni mwani wa kijani, lakini hujaza chembe zake karotini, rangi ya aina ile inayopaka karoti, hivyo mkwaruzo mpya huonekana wa chungwa au dhahabu chafu. Trebouxia hutoa kijani kisicho na shaka. Sampuli iliyokaa miaka kwenye bahasha hupoteza chungwa hilo ikabaki hafifu. Kwa hiyo kipimo hiki ni cha siku ya kukusanya.

Usnea, ile ya ndevu, tuimalize kwa sentensi mbili. Loweka tawi lake dakika moja, livute polepole kutoka ncha mbili: gome litakatika na katikati utabaki uzi mweupe unaonyumbuka. Roccella na Ramalina hazina uzi huo.

Tone la jiki

Hiki ndicho kipimo kinachofanywa zaidi, na ndicho kinachoharibiwa zaidi. Kwenye maandishi ya wataalamu hupewa herufi C.

Tumia jiki ya dukani isiyochanganywa na manukato wala sabuni, bila kuizimua. Kata kipande cha milimita 5, kikavu kabisa, kiweke kwenye kisahani cheupe. Kwaruza nusu yake mpaka moyo mweupe uonekane, nusu ya pili iache na gome lake. Chovya ncha ya kijiti cha meno, kung'uta, gusa gome. Tone liwe dogo kuliko kichwa cha pini. Lenzi ya mara 10 iwe tayari jichoni kabla hujagusa, maana wekundu huja ndani ya sekunde chache, rangi ya juisi ya choya, kisha jiki hiyohiyo huuchoma ukatoweka. Aliyekwenda kutafuta lenzi baada ya kudondosha amekosa jibu. Rudia kwenye moyo uliokwaruzwa, kwa kijiti kipya, na kama kuna unga juu ya gome, gusa unga huo peke yake.

Kwa nini sehemu tatu? Kwa sababu ndani ya Roccella zipo spishi ambazo gome hugeuka na unga haugeuki, na zipo za kinyume chake. "C+ nyekundu" bila kutaja ni wapi ni nusu ya jibu.

Kinachogeuka ni erithrini na asidi ya lekanoriki. Molekuli zake zina vikundi viwili vya haidroksili vilivyo wazi, vilivyokaa kwa kurukana nafasi moja kwenye pete ya kaboni, na hapo ndipo hipokloriti huuma. Ni kemikali hizihizi zilizoifanya likeni hii kuwa bidhaa. Kwa Kiswahili cha zamani cha pwani iliitwa malele, na katika karne ya 19 ilipakiwa Zanzibar kwenda Ulaya, ikavundikwa wiki kadhaa katika amonia (mkojo uliochacha ulitosha) huku ikipata hewa, mpaka itoe rangi ya zambarau ya kupaka hariri na sufu. Karatasi ya litimasi ya maabara za shule nayo asili yake ni likeni za kundi hili. Mwalimu wa kemia wa Tanga anaweza kuwa na malighafi yake mtini nyuma ya shule, huku akisubiri boksi kutoka dukani.

Kipimo hushindwa kwa sababu za kawaida sana. Jiki iliyofunguliwa hupoteza nguvu, na joto la Tanga huharakisha. Chupa iliyokaa dirishani miezi miwili ni maji ya chumvi tu. Dawa ya hilo ni kuweka kipande cha Roccella ambacho tayari kinajulikana kugeuka, ukijaribie kila chupa kabla ya kazi. Sampuli yenye unyevu huzimua tone. Tone kubwa huunguza wekundu kabla hujauona. Na kipande kilichopimwa kisirudishwe kwenye bahasha ya sampuli, kwani jiki itaendelea kula.

Kipimo cha K ni cha kostiki, gramu 10 kwenye mililita 100 za maji. Mimina kostiki ndani ya maji, si maji juu ya kostiki, la sivyo itachemka na kukurukia usoni, vaa miwani. Kitaalamu hutumiwa kostiki ya potasi, lakini ile ya sodiamu inayouzwa kwa watengeneza sabuni hufaa kwa kazi hii. Roccella haigeuki. Baadhi ya Ramalina hugeuka njano kisha nyekundu ya damu, na hapo ndipo mtu asiyeweka alama kwenye visahani vyake hujikuta na "nyekundu" asiyojua imetoka chupa ipi. Tumia visahani viwili. Na kwenye meza hiyo pasiwe na siki wala asidi yoyote: ikikutana na jiki hutoa gesi ya klorini.

Hadubini, kama matunda yapo

Matunda ni vikombe au vidoa vya duara pembeni mwa utepe. Lowesha kimoja kwa dakika 10, kishike kati ya vidole viwili au ndani ya kipande cha muhogo mbichi, na kwa wembe mpya kata slaisi nyembamba kadiri uwezavyo. Kata 20, mbili zitafaa. Ziweke kwenye tone la maji, funika, tazama kwa ukuzaji wa mara 400.

Kwa Roccella utaona kwanza weusi: safu ya mkaa chini ya tabaka la spora, inayoziba mwanga kama masizi chini ya sufuria. Spora hazina rangi, zimechongoka ncha mbili, zimepinda kidogo, zina kuta tatu za ndani zinazozigawa vyumba vinne. Kwa Ramalina hakuna safu hiyo ya mkaa, na spora ina ukuta mmoja tu katikati.

Tatizo ni spora changa. Kabla ya kukomaa hazina ukuta wowote, na zikiwa njiani huonyesha ukuta mmoja, ukaapa kwamba ni Ramalina. Hesabu zile zilizokwisha kutoka kwenye mfuko wake tu, zisipungue 10. Ukikosa zilizotoka, bonyeza kioo cha juu kwa kifutio cha penseli.

Slaisi hiyohiyo ikipita kwenye gome inakupa ushahidi wa ziada. Kuvu ya gome la Roccella husimama wima, nyuzi bega kwa bega kama fito za ukuta. Ya Ramalina ina mafungu ya nyuzi ngumu yanayokimbia kwa urefu chini ya gome. Kwangu gome ni shahidi bora kuliko spora pale ambapo tunda ni moja na limezeeka.

Mara nyingi matunda hayapo kabisa. Likeni yenye unga hujieneza kwa unga huo, ambao kila chembe yake ina kuvu na mwani pamoja, na tunda huwa nadra. Hapo unabaki na mwani, jiki na gome. Vinatosha kwa jenasi.

Andika hadi pale ushahidi unapofika

Kwenye pwani ya Afrika Mashariki, utepe bapa wa kijivu wenye unga, uliogeuka mwekundu kwenye gome, kwa kawaida ni Roccella montagnei, spishi iliyoenea pwani za Bahari ya Hindi hadi Bara Hindi na Sri Lanka. Majina R. tinctoria, R. fuciformis na R. phycopsis ni ya upande wa Atlantiki na Mediterania; vitabu vya zamani vya rangi viliyatawanya ovyo kwa kila shehena, hivyo kuyakuta kwenye orodha ya zamani ya Zanzibar si ushahidi. Ukiwa na mashaka ya spishi, "Roccella sp." ni lebo ya heshima. Ukiwa na mashaka ya jenasi lakini umeona mwani wa chungwa na spora za vyumba vinne, andika "Arthoniales" na uache mengine.

Kati ya mpangilio wa zamani wa umbo na huu wa vinasaba, chagua wa vinasaba kwa lebo, na kama sampuli ilikuwa na jina la zamani, liache palepale chini yake bila kulifuta. Mpangilio wa zamani bado una kazi moja: kupanga sampuli mezani kwa haraka, vichaka huku, maganda kule. Usiutumie zaidi ya hapo. Tahajia na jina linalokubalika likague kwenye Index Fungorum au MycoBank, orodha za mtandaoni za majina ya kuvu, kabla ya kuandika kwa wino.

Kwa anayedhani huenda ana Roccellographa mkononi, njia ni moja: vinasaba. Tenga sentimita 2 za sampuli safi siku ileile, ndani ya bahasha ndogo yenye silika jeli, bila kuigusa kwa jiki wala kostiki. Maabara iambiwe isome eneo la ITS, kipande cha vinasaba kinachotumika kutambua spishi, kwa vianzishi (primers) vya kuvu, sivyo wanaweza kukurudishia mfuatano wa mwani na wewe ukadhani umegundua kitu.

Kukusanya bila kuharibu

Misitu ya mikoko nchini ni hifadhi, na kukata chochote humo kunahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Kwa likeni huna haja ya kukata mti: matawi makavu yaliyoanguka yanatosha, bali kibali kiwe mfukoni hata hivyo. Chukua robo ya kichaka, pamoja na kipande cha ganda la mti mahali kilipojishika. Weka kwenye bahasha ya kaki. Mfuko wa nailoni huvundisha sampuli kwa usiku mmoja, na kufika asubuhi ukungu mweupe umefunika kila kitu unachotaka kupima.

Anika kivulini siku 2 au 3, kisha gandisha kwenye friza saa 72 kuua wadudu kabla ya kuhifadhi. Nakala moja ipeleke hebaria (hifadhi ya sampuli kavu za mimea) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Hebaria ya Taifa, Arusha. Lebo isomeke hivi:

*Roccella montagnei. Tanga, Mwambani, ukingo wa mikoko. Juu ya tawi kavu la mchu (Avicennia marina), mita 1.5 kutoka ardhini, upande unaoelekea bahari. Mkwaruzo wa chungwa. Gome C+ nyekundu, moyo C−, gome K−. Unga upo, matunda hakuna.*

Maneno "gome" na "moyo" yasiachwe, na matokeo yawe yale uliyoyaona kwenye kisahani chako, si yaliyonakiliwa kitabuni. Atakayeifungua bahasha hiyo baada ya miaka 30 akakuta "C+" tupu atalazimika kukata kipande kingine, na sampuli ya likeni haikui tena ikiwa ndani ya bahasha.